Fomu Niliyomjazia Mama

Mwaka ule niliokuwa nikihangaika kumleta mama Australia anitembelee, serikali ya huko ilinitumia kwa posta kifaa cha kupimia choo. Ndani ya bahasha kulikuwa na vichupa viwili, karatasi ya maelezo yenye picha, na bahasha nyingine ya kurudishia. Barua ilisema kwa heshima kwamba nimefikia umri wa kupimwa utumbo. Nichukue kidogo leo, kidogo siku nyingine, niandike tarehe, nifunge, nipeleke posta.

Nilimpigia dada yangu simu. Yeye anaishi Kibomet na anauza nguo za mitumba katika soko la Kitale. Huko ilikuwa asubuhi, ndio kwanza anafungua bando la nguo.

"Ati serikali inataka nini?"

"Choo."

"Yako?"

"Yangu."

"Na utume na posta? Posta hii ya kubandika stampu?" Akageuka akawaambia wenzake wa vibanda vya jirani, bila hata kuziba simu, nami nikasikia soko zima likicheka. Kisha akashusha sauti. "Bana, hiyo usimwambie mama. Si ataona kama mmepotea huko."

Sikumwambia. Kwetu mambo ya mwili wa mtu hayazungumzwi ovyo, na kati ya mama na mwanawe wa kiume hayazungumzwi kabisa.

Niliishi katika mji mdogo wa pwani ya kusini, mji wa wastaafu, wenye duka moja kubwa, kliniki moja, na gati refu la mbao lililoingia baharini. Kazi yangu ilikuwa katika nyumba ya wazee. Niliamka mapema, nikavaa fulana ya buluu, nikawaogesha watu waliokuwa walimu, madereva na wakulima wa ngano, nikawavalisha, nikawalisha uji. Kila jambo la miili yao tuliliandika: amekunywa kiasi gani, amekwenda haja lini, ngozi ya kisigino imebadilika rangi au la. Kulipotokea mafua nyumba nzima ilifungwa, na watoto wa wazee walisimama nje ya dirisha wakipunga mkono. Hakuna aliyebishana. Ukutani kulikuwa na tangazo la chanjo, la kunawa mikono, la kujipaka mafuta ya jua, la kuacha sigara. Hata ufukweni kulikuwa na kibao: usiokote chaza baada ya mvua kubwa, maji machafu yameingia.

Mwanzoni niliyaandika hayo yote daftarini. Ni mazoea ya kazi ya zamani. Kabla ya kuondoka nilikuwa mwandishi wa habari wa redio moja ndogo ya Bungoma, na kwa miaka kadhaa kipindi cha afya kilikuwa changu. Mimi ndiye niliyewatangazia watu wa Kimilili, Chwele na Sirisia kwamba kifua kikuu kinatibika, dawa ni za bure, na kuugua si aibu. Nililisoma tangazo hilo mara nyingi hata nikawa siitazami tena karatasi.

Siku zangu za mapumziko nilikwenda gatini kuvua. Sisi watu wa mlimani hatukuzaliwa na bahari. Mimi nilifundishwa na jirani yangu, dereva wa malori aliyestaafu, mtu mnene mwenye madoa mekundu puani ambako daktari alikuwa amemkata saratani ya ngozi mara mbili. Ndooni mwake alikuwa amebandika rula ya plastiki iliyochorwa kila aina ya samaki na urefu wake unaoruhusiwa. Akivua, anamlaza samaki juu ya rula. Samaki akipungua hata kwa upana wa ukucha, anamrudisha majini.

Siku moja alinasa samaki mmoja mzuri, wa fedha, aliyepungua kidogo tu. Hapakuwa na mtu mwingine gatini, na mvua ilikuwa inaanza.

"Nani atajua?" nikamuuliza.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa suruali. "Hajafika," akasema, akamtupa.

Kisha, akitia ngisi kwenye ndoano, akaanza kunieleza vinyama vilivyotolewa tumboni mwake baada ya yeye kutuma kile kifaa cha choo. Alinieleza vilikuwa vingapi na vilikaa wapi. Nilitazama bahari. Nilikuwa na umri wa kuitwa babu, na bado nilitamani anyamaze.

Mama yangu anaishi Sirisia, katika boma lile lile alilolijenga na baba. Baba alifanya kazi Webuye, katika kiwanda cha karatasi, akawa anarudi nyumbani mwisho wa wiki na harufu ile ya kiwanda nguoni. Alifariki kabla sijasafiri. Mama alibaki na mahindi yake, ng'ombe mmoja, na kanisa. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka sita. Mimi nilikuwa nasubiri uamuzi wa ombi langu la ukaazi, na kibali nilichopewa cha kusubiri kiliniruhusu kukaa na kufanya kazi, lakini nikitoka nje ya nchi kinakufa. Nikienda Sirisia sirudi. Kwa hiyo njia ya sisi kuonana ilikuwa moja: yeye aje.

Alikubali haraka kuliko tulivyotarajia. Alikwenda Bungoma kupiga picha ya pasipoti, akapanga foleni siku nzima bila kulalamika. Akina mama wa kanisani walimshonea gauni na kumwekea mikono kichwani wakimwombea safari. Kila nilipopiga simu aliuliza kuhusu baridi, kuhusu bahari, na kama huko kuna mahali pa kusali.

"Na hao samaki unaovua," akasema siku moja, "unavua bila wavu, na kamba tu?"

"Na kamba tu, mayi." Mayi ndivyo tunavyomwita mama.

"Basi nitakuja nikae hapo nyuma yako, nione."

Fomu ya viza ilikuwa kwenye mtandao. Nilikaa nayo mezani Jumamosi moja, na chai, na pasipoti yake niliyotumiwa kwa picha. Mambo mengi niliyajua kwa moyo: mwaka wa kuzaliwa uliokadiriwa, jina la babu yake, idadi ya watoto waliokufa na walio hai. Nikafika sehemu ya afya. Swali lilikuwa moja, fupi. Je, mwombaji amewahi kuugua kifua kikuu?

Nilikuwa kidato cha pili nilipofunga shule na kumkuta mama amebaki mifupa. Shangazi alikuwa amekuja kupika. Kikombe cha mama, cha bati, cha rangi ya kijani, kiliwekwa peke yake dirishani. Baba aliwaambia watu ni nimonia, akatuambia na sisi ni nimonia. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa kuchungulia. Siku moja nilitumwa kuchota unga, nikakuta ndani ya pipa, chini ya mfuko, kadi ya zahanati. Niliisoma yote, nikairudisha ilivyokuwa. Mwaka uliofuata mama alinenepa, akarudi shambani, na neno hilo halikutajwa nyumbani kwetu hata siku moja. Nilikuwa najua, na hakuna aliyejua kwamba najua.

Swali lile lilihitaji nimpigie mama simu nimuulize. Kwa mtu wa mahali pengine hilo ni jambo la dakika mbili. Lakini mimi, tangu nilipotahiriwa, sikuingia tena chumbani alimolala mama. Akiugua nilimsalimia mlangoni, na habari za ugonjwa wake niliambiwa na dada au shangazi. Mwana mtu mzima hamuulizi mama yake mwili wake umewahi kuwa na nini. Ningeweza kumtuma dada. Lakini dada alikuwa mdogo wakati ule, naye aliamini nimonia hadi siku hiyo. Kumtuma kungekuwa kumfunulia siri ya baba. Na lilikuwa jambo la zamani. Mama alipona. Nilijiambia hayo yote kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, nikaweka alama kwenye kisanduku cha Hapana.

Mwishoni fomu iliuliza kama majibu yamethibitishwa na mwombaji mwenyewe. Nikaweka alama kwenye Ndiyo.

Kwa kuwa alitaka kukaa miezi sita, na alikuwa anatoka nchi ambako ugonjwa huo bado upo, aliagizwa apigwe picha ya kifua kwa daktari aliyeidhinishwa, Nairobi. Dada alifunga kibanda siku tatu akampeleka. Alinipigia simu wakiwa wametoka.

"Imeenda sawa?" nikauliza.

"Sawa tu. Mimi niliambiwa ningoje inje. Mama amekaa huko na daktari muda mrefu, wanaongea wanacheka."

"Walikuwa wanaongea nini?"

"Si umuulize mwenyewe? Mimi amekataa kuniambia. Ati ni maneno yake na daktari."

Sikumuuliza. Siku chache baadaye waliitwa tena, mama akatoa makohozi asubuhi tatu mfululizo, na majibu yakachukua zaidi ya miezi miwili. Alikaa wiki ya kwanza kwa binamu yetu huko Nairobi, kisha akarudi Sirisia kungoja. Dada alianza kunishuku.

"Makohozi ya nini? We unajua kitu."

"Ni utaratibu wao."

"Utaratibu gani wa kungoja kama mahindi? Niambie ukweli bana."

Sikumwambia.

Majibu yalipotoka yalikuwa safi. Nilikuwa chumba cha kufulia kazini niliposoma hiyo barua pepe, nikaegemea mashine ya kukausha mashuka, nikacheka peke yangu. Wiki hiyo nilinunua kitanda kidogo na blanketi nzito, nikasafisha chumba cha nyuma. Nilimwambia hata jirani yangu wa gatini.

Barua ya pili ilikuja baada ya siku kumi. Ilikuwa ya adabu, kama zote. Ilisema kwamba katika mahojiano na daktari mwombaji alieleza, kwa hiari yake, kwamba aliwahi kuugua kifua kikuu, alitibiwa hadi mwisho na akapona, na picha ya kifua ilionyesha kovu linalolingana na maelezo hayo. Ugonjwa haukuwa kizuizi. Lakini fomu ilisema Hapana. Tuliombwa kueleza, ndani ya siku ishirini na nane, kwa nini.

Niliisoma mara nyingi. Sikushangazwa kwamba nimenaswa. Nilishangazwa na mama. Daktari alimuuliza, akamjibu. Akacheka naye.

Nilipaswa kumpigia mama siku hiyo hiyo. Badala yake nilimpigia dada, nikamweleza kila kitu, tangu kadi ndani ya pipa la unga. Sauti za soko la Kitale zilipita katikati yetu, mtu akinadi viatu vya shule.

"Kwa hivyo si nimonia."

"Si nimonia."

"Na wewe ukaandika hapana."

"Niliandika."

"Bila kumuuliza."

"Ningemuuliza vipi? Mwambie wewe. Mweleze taratibu, wanataka barua yake."

"Mimi? Siwezi. Uliandika ukiwa peke yako, mwambie ukiwa peke yako."

Lakini sikumwambia. Nilikaa na kuandika barua mimi mwenyewe, kurasa tatu, kwa mpangilio mzuri kama ripoti: desturi yetu, mama na mwana, kadi, baba, nimonia. Niliandika kwamba kosa ni langu na mama hakujua nimejaza nini. Nilifikiri ukweli huo ungemwokoa. Nadhani hata niliona fahari kidogo jinsi nilivyoueleza.

Uamuzi ulikuja mwanzo wa baridi. Afisa aliandika kwamba amezingatia maelezo ya desturi. Aliandika pia kwamba maelezo hayo yenyewe yanathibitisha mambo mawili: kwamba aliyejaza fomu alijua jibu la kweli, na kwamba hakuthibitisha majibu na mwombaji ingawa alitangaza kuwa amethibitisha. Ombi limekataliwa. Kwa sababu ya maelezo ya uongo, mwombaji hawezi kupewa viza kwa miaka mitatu.

Uongo niliusema mimi, lakini jina lililoandikwa kwenye adhabu lilikuwa la mama. Alikuwa amekaribia miaka themanini, kwa ule mwaka wake wa kukadiriwa. Nilitafuta kosa katika barua ile kwa jicho la zamani la kazi, nikitafuta mahali pa kumshika mwandishi. Sikupata. Kila sentensi ilisimama.

Dada ndiye aliyempelekea mama habari, mwishowe, kwa sababu mimi nilishindwa. Alisafiri kutoka Kitale hadi Sirisia Jumamosi, akalala huko, na Jumatatu asubuhi akanipigia akiwa amerudi kibandani.

"Hakulia," akasema. "Aliuliza tu, 'Ni nani alisema hapana?' Nikamwambia ni wewe. Akaenda kukamua ng'ombe."

"Na jana?"

"Jana tukaenda kanisani. Si unajua walikuwa wamemwombea? Kila mtu anamuuliza, mama, ndege ni lini? Sasa wakati wa matangazo akasimama. Akasema haendi tena Australia, kwa sababu aliugua TB zamani na mtoto wake aliificha kwa fomu."

"Mbele ya watu wote?"

"Wote. Hata pasta."

"Wakasema nini?"

Dada akatoa sauti isiyokuwa kicheko wala guno. "Wakasema nini? Mama mmoja akasema, 'Si tulijua.' Ati si tulijua! Kumbe mwenyekiti wa akina mama ndiye alikuwa anampelekea dawa nyumbani, wewe ukiwa shule. Wengine walikuwa wakimlimia shamba. Hata kile kikombe walikijua. Ndugu yangu, Sirisia nzima ilijua. Watu wasiojua ni mimi na hiyo serikali yako."

Akaniambia ngoja, ana mteja. Nilimsikia akibishana bei ya sweta. Aliporudi hakuendelea na maneno hayo. Aliniuliza kama kule ni baridi.

Ilinichukua siku nne kumpigia mama. Nilitoka kazini saa tisa, nikakaa ndani ya gari kwenye maegesho ya nyumba ya wazee, wakati Sirisia ni asubuhi na jua halijawa kali. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha. Hakuyangoja.

"Baba," akasema, maana mama zetu huwaita wana wao hivyo, "mimi mtu akiniuliza namjibu. Yule daktari aliniuliza vizuri. Wewe mbona hukuniuliza?"

"Niliona vibaya, mayi. Na baba alisema ni nimonia."

"Baba yako alikuwa anaogopa kazini watamwambia nini, huko Webuye. Hiyo ilikuwa hofu yake. Mimi sikukuachia hiyo."

Nilisema nisamehe. Alisema amesamehe, kwa sauti ya mtu anayesema amefunga mlango wa kuku, kisha akauliza miaka mitatu inaisha lini. Nikamtajia mwezi. Akahesabu polepole, kwa mavuno, nikamsikia akifika ya tatu.

"Na wewe karatasi zako?"

"Bado, mayi. Sijui."

"Haya."

Zamani ningeleta habari za mvua, au bei ya mbolea, nikamuaga na kukata. Mtu mmoja alitoka mlangoni akimsukuma bibi kwenye kiti cha magurudumu kwenda kuota jua. Asubuhi ile ile nilikuwa nimemwogesha bibi huyo, nikaandika hali ya kila kidole cha mguu wake. Nilijua vidole vya wazee ishirini na nane wa nchi ya watu. Wa kwetu sikujua hata mguu gani unamuuma.

"Mayi," nikasema, "mwili wako ukoje?"

Nilifikiri nimemkosea tena.

"Unauliza kweli, ama ni salamu?"

"Nauliza kweli."

Akavuta kiti, nilisikia miguu ya kiti ikikwaruza sakafu. Akaanza kunieleza. Kifua hakisumbui ila akipanda kutoka mtoni. Goti la kulia halikunjiki tangu mwaka juzi, ndiyo maana anasali amesimama. Jicho moja lina ukungu. Kuna uvimbe chini ya kwapa, mdogo kama punje ya maharagwe, hauumi, amekuwa nao tangu wakati wa kupanda na hajamwambia mtu. Niliomba arudie hilo la mwisho. Akarudia. Nikafungua kisanduku cha gari nikitafuta kalamu, na yeye, akisikia ninaandika, akapunguza mwendo wa maneno yake ili nisiachwe nyuma.